Kompyuta inasema ina virusi 37: kuitambua na kuing'oa kinga feki

Dirisha limefunguka bila kuitwa. Lina ngao nyekundu juu, majina ya faili yanapita mbio, na pembeni hesabu inapanda: 12, 24, 37. Kisha kinatokea kitufe kikubwa cha kuondoa vyote. Ukikibofya unaambiwa kuwa toleo ulilonalo ni la majaribio, na kusafisha ni mpaka ulipie. Hiyo ndiyo kinga feki: programu inayojiita kizuizi cha ujasusi au antivirusi, kumbe kazi yake ni kukutisha ili utoe namba ya kadi. Ni mganga anayeroga usiku, asubuhi akapita nyumba hadi nyumba akiuza hirizi.

Wengi wanaoniletea kompyuta huuliza, "Naiondoaje?" Mimi huanza na swali jingine: iko wapi? Onyo lile lile, lenye ngao ile ile, linaweza kuwa ukurasa wa wavuti tu, au arifa ya kivinjari, au kiendelezi (extension, programu ndogo ya nyongeza) kilichojibanza ndani ya kivinjari, au programu kamili iliyosakinishwa kwenye diski. Maradhi manne, dawa nne. Nimeona mtu akifuta diski nzima pamoja na picha za miaka sita kwa sababu ya arifa ambayo ingezimwa kwa kubofya mara nne. Nimeona pia wa upande wa pili, aliyekuwa akilifunga dirisha kila asubuhi kwa miezi akidhani ni tangazo, na kumbe programu yenyewe ilikuwa ndani, inaanza kazi kabla yake.

Katika maelezo haya vitufe vya Windows nimeviita kwa majina ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vinavyosomeka kwenye kompyuta nyingi. Vya Chrome nimeviita kwa Kiswahili, maana Chrome inapatikana kwa Kiswahili. Ukitumia ya Kiingereza, zile anwani ninazozitaja zitakufikisha pale pale.

Kwanza, jua iko wapi

Zima Wi-Fi au chomoa waya wa intaneti. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager, dirisha la programu zinazoendelea, ifunguke, chagua kivinjari chako, kisha End task. Usitosheke na kubofya alama ya X pembeni, kwa sababu Chrome na Edge zinaweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata dirisha likiwa limefungwa. Sasa washa kompyuta upya, usifungue kivinjari, na uiache dakika kumi.

Kama kimya kimetawala mpaka pale unapofungua kivinjari, tatizo liko ndani ya kivinjari. Kama onyo limerudi bila kivinjari na bila intaneti, kuna programu kwenye diski. Na kama Task Manager yenyewe imekataa kufunguka, au imefunguka na kujifunga, ruka moja kwa moja mpaka kwenye dalili ya programu zinazokataa kufunguka. Hapo jibu umeshalipata.

Dalili: ukurasa umejaza skrini, unapiga king'ora, una namba ya simu

Huu ni ukurasa wa wavuti, hakuna zaidi. Umeingia katika hali ya skrini nzima, ukacheza sauti, wakati mwingine ukaficha kishale cha kipanya ili uamini kuwa kompyuta imeganda. Ukurasa wa wavuti hauwezi kukagua diski yako. Kivinjari kimejengwa kwa makusudi kuuzuia usifanye hivyo. Ule "ukaguzi" unaouona ni mchoro unaosogea, na ndiyo maana kurasa hizi hujiaibisha zenyewe: utazikuta zikikagua "diski C" kwenye simu, ambayo haina diski C, au zikionyesha madirisha ya Windows kwenye Mac.

Shikilia kitufe cha Esc sekunde kadhaa, au bonyeza F11, ili utoke kwenye skrini nzima. Ikigoma, Alt+F4. Ikigoma tena, Ctrl+Shift+Esc na umalize kivinjari kizima. Kwenye Mac ni Command+Option+Esc. Ukikifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa za awali. Kataa. Watu wengi hukwama hapa: wanakubali, ukurasa ule ule unarudi, nao wanaamini kuwa virusi vimeota mizizi.

Namba ya simu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Microsoft imesema wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu au wa onyo hauwi na namba ya simu kamwe. Ukipiga, atapokea mtu mpole sana atakayeomba aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, na hapo tatizo la ukurasa linageuka kuwa tatizo la mwizi aliyekaa sebuleni. Tangu 2025 Edge imewekewa kizuizi chake cha kurasa za aina hii. Kiache kikiwa kimewashwa.

Kama ukurasa ulikushushia faili na hukuifungua, ifute kwenye folda ya Downloads. Umemaliza. Ukurasa wa aina hii haukuhitaji usakinishe chochote ili kuuondoa, na huko kusakinisha ndiko ulikokuwa unakutakia.

Dalili: vijisanduku vinachomoza chini kulia, hata nikiwa naandika barua

Katika kompyuta ninazoshika siku hizi, hii ndiyo dalili inayonijia kuliko nyingine zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Kijisanduku kina nembo ya antivirusi maarufu na kinasema usajili wako umeisha leo, au kwamba jasusi watatu wamepatikana. Kinatokea hata ukiwa kwenye jedwali la hesabu, kwa hiyo kinaonekana kama sauti ya kompyuta yenyewe.

Siyo. Siku moja ulifika kwenye ukurasa ulioandika "bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti", ukabofya. Kitufe kile hakikuthibitisha lolote. Uliipa tovuti ile ruhusa ya kukutumia arifa wakati wowote. Hakuna faili iliyoingia kwenye diski, na kwa sababu hiyo antivirusi yoyote halali ikikagua haioni kitu. Niliwahi kuletewa laptopu yenye antivirusi tatu za kulipia, zote halali, zote zinagombania faili zile zile mpaka mashine inasota, na vijisanduku bado vinachomoza. Mwenyewe alikuwa akinunua nyingine kila ile ya kwanza iliposhindwa. Kosa la antivirusi lilikuwa nini? Hakuna. Haikuwa kazi yake.

Kitazame kijisanduku kwa makini: kwa maandishi madogo kinataja jina la kivinjari au anwani ya tovuti iliyokituma. Ukiiona anwani, umemjua mhusika. Fungua chrome://settings/content/notifications kwenye Chrome, au edge://settings/content/notifications kwenye Edge. Kwa njia ndefu ya Chrome ni Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Kwenye Firefox andika about:preferences#privacy kisha ushuke mpaka sehemu ya ruhusa. Ondoa kila tovuti usiyoijua katika orodha ya zilizoruhusiwa. Mimi huenda mbali zaidi: nachagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Sijawahi kukutana na mtu aliyejutia uamuzi huo.

Dalili: ukurasa wa mwanzo umebadilika, nikitafuta kitu napelekwa kwingine

Hapa kuna kiendelezi. Fungua chrome://extensions na uondoe chochote usichokumbuka kukiweka, hasa chenye maneno kama usalama, kinga au utafutaji salama. Kikikosa kitufe cha Ondoa, na menyu ikakuambia kivinjari kinasimamiwa na shirika lako huku kompyuta ni yako mwenyewe, basi kuna aliyepachika sera, yaani amri za lazima, kwenye sajili ya Windows (registry, hazina ya mipangilio yake, unayoifungua kwa regedit). Anwani chrome://policy itakuonyesha sera zenyewe. Kwa Chrome hukaa chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, au tawi kama hilo chini ya HKCU. Vifupisho hivyo kwenye sajili vimeandikwa kwa urefu: HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala ya tawi hilo kwanza, kisha lifute na uwashe kivinjari upya. Kompyuta ya kazini ni habari nyingine, huko sera hizo ni za idara ya tehama, usiziguse.

Dalili: programu yenye jina zuri inajifungua kila nikiwasha kompyuta

Sasa tumefika kwa mwenye mali. Hii ndiyo kinga feki ya asili, na ina ukoo mrefu: SpySheriff, WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus, Antivirus 2009. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani waliokuwa wakiuza kadhaa kati ya hizo kupitia kampuni za Innovative Marketing na ByteHosting, ikisema zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamenunua. Mwaka 2012 hukumu katika kesi hiyo ilifikia zaidi ya dola milioni 163. Majina yanabadilika, mtindo ule ule unabaki: unganisha "spy", "anti", "defender" au "pro", tia mwaka mbele, chora ngao.

Jina peke yake kwa hiyo halikusaidii, maana waungwana nao hutumia maneno hayo hayo. Yaangalie matendo. Kinga feki humaliza ukaguzi wa diski nzima kwa sekunde ishirini. Huita vidakuzi (cookies) vya kawaida vya kivinjari "tishio kubwa". Huna kumbukumbu ya kuisakinisha, au iliingia pamoja na programu nyingine ya bure. Inakatiza kazi yako kila dakika chache, na kila njia unayochukua inaishia kwenye ukurasa wa malipo.

Jaribio ninalolipenda mimi ni hili. Chagua tishio moja kwenye orodha yake, nakili njia ya faili, kwa mfano C:\Windows\System32\ na jina lolote linalofuata, kisha nenda ukaitafute faili hiyo mwenyewe. Mara nyingi haipo kabisa. Ikiwepo, usikimbilie kuamini: baadhi ya kinga feki hujitupia faili za takataka zenyewe ili zipate cha kugundua. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, tazama tarehe ya kuundwa. Kama faili zote "zilizoambukizwa" zimezaliwa dakika ile ile na programu iliyozigundua, kesi imekwisha.

Ukiwa na faili la usakinishaji, lipakie VirusTotal, huduma inayomilikiwa na Google tangu 2012, ambayo huipitisha faili kwenye injini nyingi za antivirusi kwa pamoja. Injini moja au mbili zikilalamika inaweza kuwa makosa. Zikilalamika ishirini, usibishane nazo. Usipakie huko nyaraka zako za siri, kwa sababu faili zinazopakiwa zinaweza kuonwa na watafiti. Saini ya kidijitali, ile unayoiona kwenye Properties chini ya Digital Signatures, ina thamani yake ila si hati ya utakatifu. Kukosekana kwake kunatia shaka zaidi kuliko kuwepo kwake kunavyotuliza.

Kuna pia kundi la kati, la wale ambao si wezi wa usiku ila ni wapiga chuku. Programu ipo kweli, kampuni ipo kweli, lakini matokeo yametiwa chumvi. Mfano ulio kwenye kumbukumbu za umma ni wa 2019, Office Depot na Support.com zilipokubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC. Wateja waliletewa ukaguzi wa afya ya kompyuta, na kwa mujibu wa FTC majibu ya ukaguzi huo yalitegemea kama mteja alikuwa amekubali lolote kati ya maswali manne aliyoulizwa mwanzoni, kama vile kompyuta kuwa nzito. Ukisema ndiyo, dalili za programu hasidi "zimeonekana". Diski haikuwa na neno la kusema. Kwa kundi hili Windows ina kizuizi chake: Windows Security, App & browser control, kisha Reputation-based protection, na uwashe uzuiaji wa programu zisizotakikana.

Kuing'oa

Kabla ya yote, jambo ambalo mafundi wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, njia ya kuingia hali salama (Safe Mode) inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uupate kwanza. Kwa kompyuta nyingi za nyumbani uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, unaufikia kwa simu kupitia aka.ms/myrecoverykey. Kisha nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Nyaraka na picha tu, usibebe faili za .exe.

Intaneti ikiwa imekatwa, jaribu njia ya kistaarabu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, na upange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Programu iliyoingia siku matatizo yalipoanza, na jirani zake wa siku hiyo hiyo, ndizo za kutazama. Kundi la wapiga chuku huondoka hapa. Soma kila dirisha la kuaga polepole: vitufe hubadilishana nafasi, kile cha kubaki kikapakwa rangi ya kung'aa na kile cha kuondoka kikafifishwa mpaka kikafanana na maandishi ya kawaida.

Isipokuwepo kwenye orodha, au ikijifanya imeondoka kisha ikarudi, ingia hali salama. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, na ubonyeze 4. Kama unahitaji intaneti ndani ya hali hiyo ni 5, ingawa napendelea kuleta zana kwa flashi kutoka kompyuta nyingine safi. Katika hali salama Windows huamsha vitu vya lazima tu, na kinga feki nyingi hubaki zimelala.

Fungua Task Manager, na kama unaiona ikiendelea, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague Open file location kabla ya kuiua. Watu huiua kwanza, halafu wanabaki wanaitafuta nyumba ya marehemu. Andika njia ya folda kwenye karatasi. Mara nyingi itakuwa ndani ya %AppData%, %ProgramData% au %Temp%, katika folda yenye herufi zilizochanganywa bila maana. Usifute papo hapo; badilisha jina la faili kwanza, ongeza kitu kama .zamani mwishoni. Kama umekosea, unaweza kurudisha. Kama hukukosea, haitaamka tena.

Kisha tafuta kinachoiamsha. Kichupo cha Startup cha Task Manager ni cha kuanzia tu. Andika shell:startup kwenye lile dirisha la kitufe cha Windows na R, kisha taskschd.msc (Task Scheduler) uone kazi zilizopangwa, ambako mzizi wa mwisho hujificha mara nyingi. Anayetaka kuona yote kwa pamoja apakue Autoruns, ya bure, kutoka kurasa za Sysinternals za Microsoft. Ukiifungua kama msimamizi, ficha kwanza maingizo ya Microsoft kwenye menyu ya Options. Kinachobaki ni kifupi. Mistari ya njano inaelekeza kwenye faili ambayo haipo tena. Ya waridi haina mchapishaji aliyethibitishwa. Waridi si hukumu, ni sababu ya kuuliza maswali. Ondoa alama ya tiki badala ya kufuta, mpaka uwe na uhakika.

Baada ya hapo ndipo zana za kusafisha. Washa kompyuta kawaida na ukague kwa Malwarebytes, kisha AdwCleaner kwa ajili ya mabaki ya kwenye kivinjari. Microsoft Safety Scanner nayo ni nzuri na haihitaji kusakinishwa, ila huisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo ile nakala ya mwaka jana kwenye flashi yako haina kazi. Malizia na ukaguzi wa nje ya Windows: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, Microsoft Defender Antivirus offline scan. Kompyuta itajizima, itakagua kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaamka, kisha itarudi. Pakua zana hizi kwa kuandika anwani ya mtengenezaji mwenyewe. Ukizitafuta kwa jina kwenye mtandao, matokeo ya juu yenye neno la tangazo yanaweza kuwa kinga feki nyingine iliyovaa jina hilo.

Dalili: kila programu ninayofungua inakataa, inaambiwa imeambukizwa

Kinga feki kali hukaa mlangoni. Ukifungua Task Manager, kikokotoo, hata antivirusi halali, inaifunga na kukuambia faili hilo ni hasidi. Kilichobaki kikifunguka ni kivinjari, na sababu yake inachekesha: bila kivinjari utalipiaje?

Udhaifu uko hapo hapo. Zana iitwayo RKill, inayotolewa na BleepingComputer, huua michakato hasidi inayojulikana na kurekebisha baadhi ya mambo iliyoyaharibu. Ipakue kwenye kompyuta nyingine, na kama inafungwa, ipe jina iexplore.exe ili mlinzi wa mlangoni adhani ni kivinjari. Irudie mara kadhaa ikibidi. RKill haifuti kitu, inaua tu kilicho hai kwa wakati huo, kwa hiyo ukiwasha kompyuta upya baada yake umerudi mwanzo. Ikimaliza, endesha Malwarebytes pale pale.

Kama baada ya kusafisha Task Manager bado inasema imezuiwa na msimamizi, tazama kwenye sajili HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Thamani iitwayo DisableTaskMgr ikiwepo, ifute.

Dalili: tovuti za antivirusi hazifunguki, nyingine zote zinafunguka

Fungua Notepad kama msimamizi, kisha faili C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Katika kompyuta ya kawaida karibu kila mstari unaanza na alama ya #. Ukiona majina ya tovuti za usalama yameelekezwa 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta yako yenyewe, yafute. Halafu andika inetcpl.cpl kwenye lile dirisha la kitufe cha Windows na R, nenda Connections, LAN settings, na uondoe tiki kwenye seva ya proksi (proxy, kompyuta ya kati inayopitishiwa intaneti yako) kama hukuiweka wewe. Kinga feki ikiondolewa na proksi yake ikabaki, intaneti yote hufa, na hapo utasikia mtu akilalamika kuwa "kusafisha kumeharibu kompyuta".

Mahali pengine pasipotazamwa ni orodha ya Exclusions ndani ya Windows Security, chini ya Manage settings. Humo huwekwa folda ambazo Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, imeambiwa isizikague. Nimewahi kukuta diski C nzima imeorodheshwa humo. Defender ilikuwa imewashwa, ina alama ya kijani, inaripoti kila kitu ni salama, na ilikuwa haiangalii chochote.

Kwa wenye Mac

Wazo kwamba Mac haiguswi lilipata pigo Mei 2011, ilipoenea kinga feki iitwayo Mac Defender, na Apple ikalazimika kutoa sasisho la usalama la kuiondoa. Mambo ya kutazama ni machache: folda ya Applications, Login Items katika mipangilio ya mfumo, folda za LaunchAgents na LaunchDaemons (za vitu vinavyojianzisha) ndani ya Library, na wasifu wa usimamizi ambao hukuuweka. Fungua Activity Monitor, Task Manager ya Mac, uiue kwanza, ndipo uitupe.

Nimeshalipa, au nimeshapiga simu

Ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, omba kadi ifungwe na itolewe mpya, kisha pinga malipo. Kupinga malipo bila kufunga kadi hakutoshi, maana namba imeshauzwa au itauzwa. Badilisha manenosiri kutoka kwenye kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kwani anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba upya manenosiri mengine yote.

Kama uliruhusu mtu aingie kwa mbali, ondoa AnyDesk, TeamViewer au chochote alichokuwekesha, lakini mimi kompyuta hiyo siiamini tena. Hujui alifungua nini skrini ilipokuwa nyeusi. Nakili nyaraka, nenda Reset this PC, Remove everything, anza upya. Na jiandae kwa simu ya pili baada ya wiki au miezi, kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa wa idara ya kurejesha fedha. Ni walewale, au waliouziwa orodha yako na walewale.

Nimesafisha, imerudi

Kabla ya kuanza yote tena, kagua mambo matatu. La kwanza ni usawazishaji wa Chrome: kiendelezi ulichofuta kwenye kompyuta hii kinaweza kurudishwa kutoka kwenye akaunti yako, kwa sababu bado kipo kwenye kompyuta yako nyingine. Kifute kote. La pili ni akaunti za watumiaji wengine kwenye kompyuta hiyo hiyo. Umesafisha ya kwako, ya mdogo wako bado ina faili ndani ya %AppData% yake. La tatu ni ile kazi iliyopangwa kwenye taskschd.msc, yenye jina la kuheshimika kama la sasisho, inayosubiri siku tatu kabla ya kupakua upya.

Yote matatu yakiwa safi na bado inarudi, acha kuwinda. Saa nne za kufukuzana nayo zinatosha kusakinisha Windows upya mara mbili. Ukishasakinisha, usiirudishe ile programu ya bure iliyokuja nayo mara ya kwanza. Iache Defender peke yake kwa wiki moja, na siku ya saba fungua Task Scheduler na ile orodha ya Exclusions uone kama kuna aliyeongeza kitu.